Nimekuwa Nikijibu kwa Jina Lako

Syombua wangu,

Nikianza na salamu nitazunguka mpaka niishiwe na ujasiri, kwa hivyo naanza na dhambi. Mvua nzima ya mwisho wa mwaka nilikuwa nikiwapigia watu wako wa mito kwa simu yako, na wakiuliza ni nani, nawaambia ni Syombua. Haya, nimesema. Kasirika ukitaka. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana sina mwingine wa kumwambia, na jambo hili limenikaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka.

Leo ni Jumapili mchana. Nimetoka kanisani nikapitia ofisini kwa sababu kwangu kumenyamaza kupita kiasi. Hapa stoo angalau friji za dawa zinanguruma. Meza yako bado iko pale dirishani, ila wameiwekea printa, na kwenye kiti chako wanapanga makatoni ya glavu. Siku ya kwanza nilipoyaona makatoni yale niliyatoa moja moja nikayaweka chini. Kesho yake yakarudi. Nikayatoa tena. Siku ya tatu nikayaacha, kwa sababu storikipa alianza kuniangalia vile watu humwangalia mtu anayeongea peke yake barabarani. Na kusema kweli huwa naongea peke yangu. Naongea na wewe.

Mahali pako hakuletwa mtu. Meneja alisema dashibodi itatosha. Alisema hivyo wiki ile ile tuliyokuzika Tawa, bado viatu vyangu vina udongo wa kwenu, na mimi niliyeitengeneza hiyo dashibodi nikatikisa kichwa kama mjinga. Ningesema nini? Si ndiyo kazi waliyonileta Kibwezi kufanya?

Unakumbuka ulivyoicheka. "Televisheni ya Ndinda isiyo na filamu." Ulikuwa unakuja na kikombe chako cha chai unasimama nyuma yangu unatazama mistari yangu: kila kivuko cha mto na mstari wake, kila gari na mahali lilipo, kila dispensari na siku zilizobaki kabla dawa hazijaisha. Mvua ikikata barabara za Makueni na Kitui, meneja akae pale Nairobi, aone kwa picha moja gari gani limekwama, lipi ligeuzwe, nani wa kupelekewa kwanza. Kijani, njia iko wazi. Njano, tahadhari. Nyekundu, usithubutu. Nilikuwa najivunia rangi zile, Syombua. Niliona nimemaliza kazi.

Halafu ukaniuliza, "Na kama hakuna mtu amesema kitu?"

Nikakwambia ikifika saa tatu asubuhi na hakuna aliyeripoti shida, inakuwa kijani.

Wee! Ulinicheka mpaka chai ikamwagika. "Kwa hivyo mtu akinyamaza, wewe unasema amekubali? Ndinda, wewe utaolewa na mtu aliyelala." Siku hiyo nilikununia. Lakini jioni nikaongeza rangi ya nne, ile ya majivu, kwa mahali ambapo hakuna neno lililosikika. Ukapita, ukaiona, ukanikatia nusu ya muthokoi wako wa mahindi na maharagwe. Mwongo mimi, si nusu. Nilikula karibu wote kama kawaida.

Lile la punda ndilo linaloniuma mpaka leo. Mito yetu wanaijua wanaoishi kando yake. Mchanga mkavu asubuhi, jua linawaka, watoto wanacheza pale katikati. Kumbe mvua imenyesha mbali huko juu, na maji yanakuja bila hodi, yanabeba kila kitu. Wewe, kila asubuhi ukiwapigia watu wa vivuko kabla gari halijatoka, hukuwahi kumuuliza mtu, "Barabara iko sawa?" Ulisema huku kwetu ukimuuliza mtu hivyo atakwambia iko sawa tu, hata akiwa amesimama ndani ya maji, kwa sababu hataki kuonekana analalamika kwa mtu asiyemjua. Wewe uliuliza punda wamevuka. Wale punda wa kubeba maji, wanaovuka mara kumi kwa siku na mitungi mgongoni. Punda akisikia mto unakuja, hashuki kwenye mchanga hata umpige. Punda wamevuka, tuma gari. Punda wamegoma, zungusha gari kwa daraja, hata kama mbingu ni safi kama sahani.

Nikaandika swali hilo kwenye dashibodi, kwa mstari wa kila kivuko: Punda wamevuka? Tukaonyesha Nairobi kwa video. Meneja akacheka, wenzake wakacheka, akasema haionekani ya kikazi. Na wewe ulikuwa umekaa pale karibu nami, umevaa ile blauzi yako ya buluu ya siku za maana. Sikukutetea. Nililifuta lile swali wao wakiangalia, nikaandika "Hali ya barabara." Ulinyamaza siku mbili. Siku ya tatu ukaanza kuongea na mimi habari za bei ya nyanya, na mimi nikashukuru Mungu, nikaona yameisha. Sikuomba msamaha. Naomba sasa.

Halafu ukaugua. Wiki tatu tu, sijui kama zilitimia. Ulianza kusema umechoka, macho yakawa ya manjano, wakasema ni ini. Nilikuja kukuona hospitali mara mbili, na mara ya pili ulikuwa unaongea kidogo kidogo, na badala ya kuniambia mambo ya mtu anayekufa ukaniambia, "Mama Kanini usimwanze na mto. Mwanze na mguu wake." Nilidhani ni homa inaongea. Nilikupangusa paji la uso nikakwambia sawa, sawa. Kumbe ulikuwa unanikabidhi kazi.

Mazishi yako yalikuwa mazuri, nikuambie hilo. Madereva wote walikuja. Kyalo alilia kuliko sisi wanawake, mpaka mama yako akaacha kulia akaanza kumtuliza yeye. Kwaya ya kwenu iliimba sana. Lakini nilipokuwa pale niliangalia watu nikagundua hakuna hata mmoja wa mito. Mzee Mutisya wa punda hakuwepo. Abdi wa Mutomo, anayeuza mbuzi na kujua kila barabara ya ng'ambo ile, hakuwepo. Mama Kanini wa duka la kivukoni hakuwepo. Wangejuaje? Miaka yote hiyo mlikuwa mnaongea kwa simu tu. Hawakuwahi kuuona uso wako wala kujua kwenu. Na mimi nikasema nitawaambia. Lakini huwezi kumpigia mtu mzima simu ukamwambia fulani amekufa, kwa sauti tu, hujui kama amekaa ama amesimama, hujui kama kuna mtu karibu wa kumshika. Habari kama hiyo inapelekwa kwa miguu. Nikasema nitaenda. Ikaja kazi ya hesabu ya dawa, ikaja hii, ikaja ile. Kiangazi kikapita.

Ndipo mvua ikaja.

Asubuhi ile simu ilitoka dispensari moja ng'ambo ya kivuko cha Mama Kanini. Mama mmoja alikuwa ameumwa na nyoka akipalilia ndengu, na dawa ya sumu ya nyoka walikuwa hawana hata chupa moja. Kyalo akaweka chupa kwenye sanduku la barafu akawasha pikapu. Kuna njia mbili, unazijua: ya mkato inayopita mtoni juu ya ile saruji iliyolazwa kwenye mchanga, na ya mzunguko kwa daraja, ambayo inaongeza saa nzima na zaidi. Nikapiga simu ya ofisi kwa Mama Kanini. Nikajitambulisha vizuri, jina la stoo, cheo changu, kila kitu. Nikauliza, "Barabara hapo iko sawa?"

"Iko sawa tu," akasema.

Nikaweka kijani. Kyalo akaondoka. Jua lilikuwa linawaka, hata wingu la kutafuta hakuna.

Nilikaa nikiangalia ile kijani. Sijui ni nini kilichoniinua. Simu yako, ile kabambe ya vitufe yenye mpira kwenye betri, ilikuwa bado kwenye droo yako. Nilikuwa naichaji kila Jumatatu, usiniulize kwa nini. Nikaichukua nikapiga namba ile ile. Haikulia mara mbili. "Syombua! Jameni, Syombua! Umepotelea wapi, mwiitu wakwa, binti yangu, ulinitupa?" Sauti ilikuwa imejaa furaha. Nilifungua mdomo nimwambie si wewe. Kyalo alikuwa barabarani. Nikasema, "Niko, mwaitu, mama yangu. Nilikuwa mgonjwa. Mguu unaendeleaje?"

Akanipa habari ya mguu, yote, mpaka dawa ya kuchua aliyoletewa na dada yake. Nikaiacha iishe. Halafu nikauliza punda.

"Haiya, hao! Wamegoma toka asubuhi. Mutisya amewapiga mpaka amechoka. Mto unakuja leo, Syombua, usitume mtoto wa mtu hapa." Nikamuuliza, nikijifanya sauti ya mtu mwenye homa, mbona basi ofisi imeambiwa barabara iko sawa. Akasema, "Barabara iko sawa. Ni mto."

Nikamgeuza Kyalo. Alipitia darajani. Dawa ilifika, yule mama akapona, kidole kimoja tu cha mguu ndicho walichokata. Na mto ulikuja, Syombua. Kabla ya saa sita ulikuja, na ulipita juu ya ile saruji kama haikuwahi kujengwa. Nilikaa kwenye kiti chako, nikayaangusha makatoni ya glavu, nikalia. Nililia kwa furaha, nililia kwa aibu, na nililia kwa sababu kwa dakika tano kulikuwa na mtu aliyeamini kwamba uko hai, na katika hizo dakika tano mimi pia niliamini kidogo.

Ningeacha hapo. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Lakini siku ya pili mvua ilikuwa bado, na dispensari bado zilihitaji dawa, na kila mmoja wa watu wako alikuwa anashika simu yako kabla haijalia vizuri na kunipa ukweli ambao simu ya ofisi haikuwahi kuupata. Mzee Mutisya aliniambia mto, halafu akaniambia punda wake amezaa, jike, anaomba jina. Abdi aliniambia mahali lori limezama, halafu akanitania kwamba bado hujaolewa, na mbuzi wake wanazeeka wakisubiri kuwa mahari yako. Nikacheka unavyocheka wewe. Nilikuwa nimekusikia miaka minne kutoka meza ya pili, nilijua mahali pa kucheka na mahali pa kutukana. Wakisema sauti imebadilika nasema ni homa. Wiki moja, homa. Wiki ya tatu, homa. Mama Kanini akampa Kyalo mfuko mzima wa ndimu na tangawizi, apeleke kwa Syombua achemshe, aache kukaa penye baridi ya mashine. Kyalo aliziweka mezani. Aliziangalia ndimu, akaniangalia mimi, akaenda kuosha gari. Nilizichemsha. Nilizinywa. Homa yako, ndimu zako, na koo langu.

Na ile dashibodi ikawa nzuri ajabu! Rangi zilikuwa za kweli kila asubuhi. Meneja akanipongeza mbele ya watu, akasema sasa mfumo umekomaa. Mfumo ulikuwa mtu aliyekufa, Syombua, na mimi nyuma yake nikimsemea.

Wangekuwa wananiambia mito tu, pengine dhambi ingekuwa ndogo. Lakini wewe hukuwa mtu wa mito tu kwao. Siku moja Mama Kanini akateremsha sauti akasema Kanini hajapiga simu. Yule msichana wake aliyeenda Saudi kufanya kazi za nyumba. Mwezi wa pili sasa, simu haiingii. Hajamwambia mtu, hata mchungaji, kwa sababu yeye ndiye aliyeuza ng'ombe ili msichana aende, na mume wake alikuwa amekataa. Alilia, simu ikawa inasikika pumzi tu. Akasema, "Wewe niombee, Syombua. Wewe ndiye nimekuambia."

Nikasema nitaomba. Kwa jina lako. Niliomba kweli, kila siku naomba, lakini nilipoiweka simu chini nilijua nimechukua kitu ambacho sikupewa.

Mvua ikaisha. Nikaomba ruhusa ya siku mbili, na Kyalo akasema atanipeleka, hata sikumwambia ni nini. Nilianza na Mzee Mutisya. Nilimkuta kwenye shimo la mchanga akijaza mitungi. Nikamsalimia, nikamwambia akae kwanza, akakaa juu ya mtungi, nikamwambia. Nikamwambia na lile lingine pia. Alihesabu kwa vidole muda mrefu. Akasema, "Kwa hivyo siku nilipokuambia punda amezaa, Syombua alikuwa amekwisha zikwa." Nikasema ndiyo. "Na vile ulifurahi, ulifurahi ama ulijifanya?" Nikasema nilifurahi, mzee. Akavua kofia, akakaa hivyo kichwa wazi juani. Halafu akasema, "Basi," akainuka akaendelea kujaza maji. Abdi aliinua mikono akakuombea dua hapo hapo katikati ya mbuzi, akajipangusa uso, kisha akaniuliza jina langu na kwetu ni wapi. Nikaona pengine itakuwa rahisi.

Mama Kanini alinikaribisha vizuri sana. Hakuwa amewahi kuniona, ila nilipomwambia natoka stoo ya dawa alianza kunisukumia kiti na soda, na kuuliza, "Na Syombua wangu? Homa ilipona?"

Nilimwambia. Kwanza alipiga kelele moja, mpaka waliokuwa nje wakaingia. Akakulilia, Syombua, alikulilia kama mtoto wake. Nikamshika. Halafu nikasema lile la pili, na mikono yake ikatoka kwangu polepole. Akauliza tarehe uliyokufa. Nikamwambia. Akasema, taratibu kabisa, "Mtoto wangu nilimwambia nani?"

Nilisema, "Mimi, mwaitu."

"Mimi ni nani?"

Sikuweza hata kutaja jina langu. Akasema, "Toka kwa duka yangu." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Kyalo alifungua mlango wa gari, akanipa chupa ya maji, akaendesha mpaka Kibwezi bila kuwasha redio.

Niliporudi nikamwandikia meneja kila kitu. Nikasema dashibodi inajua tu kile mtu ameambiwa, na watu hawaambii mashine wala hawaambii ofisi, wanamwambia mtu waliyemzoea. Nikarudisha swali la punda kwenye kila mstari na safari hii sikuomba ruhusa. Nikasema anifukuze ama aniachie saa mbili kila asubuhi za kupiga simu. Hakunifukuza. Hakunijibu pia, kwa hivyo nazichukua hizo saa mbili. Napiga kwa simu yangu. Nasema, ni Ndinda. Wengine wananiambia iko sawa tu, na hapo najua bado sijafika, naandika majivu. Wengine wameanza kunizoea. Yule punda mdogo wa Mutisya sasa anafuata mama yake mpaka mtoni.

Mama Kanini hakushika simu hata mara moja. Nilimpigia kila siku, mvua hizi zilipoanza. Inalia mpaka inakatika. Mstari wake umekaa majivu wiki baada ya wiki, na majivu maana yake ni mzunguko, kwa hivyo dispensari ya ng'ambo imekuwa ya mwisho kwa kila kitu. Akina mama wanakuja na watoto kwa chanjo wanaambiwa warudi kesho. Wanatembea mbali, unawajua. Hilo nililifanya mimi, kwa mdomo wangu.

Sasa sikia ya Alhamisi. Chanjo zilikuwa zimechelewa mara ya tatu, barafu ya kutosha mzunguko haikuwepo maana friji moja imeharibika, na kulikuwa na jua siku tano mfululizo. Kyalo akasema apite mkato, mchanga umekauka. Niliangalia ule mstari wa majivu. Na mimi, Syombua, mimi uliyenicheka mpaka ukamwaga chai, nikasema, "Nenda tu." Mtu aliyeninyamazia nikasema amekubali.

Alikuwa ameondoka kama nusu saa simu yangu ikalia. Yangu, si yako. Mama Kanini.

Hakunisalimia. Unamjua vile husalimia, mpaka kuku. Hakuuliza habari, hakusema wakya, hakusema kitu. Akauliza, "Ni nani huyo?"

Nikasema, "Ni Ndinda."

Nilisikia nyuma yake watu wakipiga mbinja na punda mmoja akilia.

"Punda wamegoma," akasema. "Mto unakuja. Kama una mtu njiani mrudishe, Ndinda."

Akakata. Kyalo alikuwa hajaacha lami, nikampata, akageuza. Mto ulikuja. Chanjo zilirudi stoo na zilienda kesho yake kwa daraja, na barafu tuliazima hospitalini. Nikaweka nyekundu kwenye mstari wake, nikakaa nikiiangalia ile nyekundu mpaka storikipa akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia, hapana. Leo hakuna.

Hajanisamehe, Syombua, usidhani. Mtu anaweza kukupa mto asikupe salamu. Ijumaa nilimpigia akashika, akasema "wamevuka," akakata. Jana hivyo hivyo. Habari za Kanini sizijui, na sina haki ya kuziuliza kwa simu. Wiki ijayo nitaenda kwa miguu yangu. Nitasimama nje ya duka, nimuulize nikiwa mimi mwenyewe, na akinifukuza nitarudi wiki nyingine. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na ni ndefu, nadhani itanimalizia viatu.

Na nyingine ni hii. Laini yako nimeizima leo, kabla sijaanza kukuandikia. Simu yenyewe nitampelekea mama yako Tawa, na mpira wake. Sitajibu tena kwa jina lako, hata mvua iwe ya namna gani, hata nikikuhitaji vipi. Na ninakuhitaji, haki ya Mungu, hasa saa nne ile ya chai, nikigeuka kukuambia kitu nakutana na printa.

Basi kaa vizuri huko, rafiki yangu. Punguza maneno, wape na wengine nafasi ya kuongea. Watu wako wako hai, hata yule mkali. Kesho saa mbili asubuhi nitawapigia wote, mmoja mmoja, na nitaanza na miguu yao na watoto wao, na wakiniuliza ni nani,

ni mimi,
Ndinda.